Mwongozo Kamili wa Kutumia Tena Chumvi ya Kuhifadhia Ngozi

Wachakataji wadogo wa ngozi wanaojaribu kutumia tena chumvi hukwama karibu wote mahali pamoja. Huikusanya chumvi iliyodondoka kutoka kwenye ngozi za zamani, huimwagia ngozi mbichi zilizotoka machinjioni, na baada ya wiki chache hukuta upande wa nyama una madoa mekundu, unateleza na kunuka, na manyoya yanang'oka yakivutwa kwa vidole viwili tu. Hapo huamua kwamba chumvi haitumiki mara mbili, wakarudia kuimwaga mtaroni pamoja na maji ya kulowekea.

Chumvi hutumika mara mbili na hata zaidi, ila si mahali pale pale. Iliyokwisha kuhifadhi ngozi isirudishwe kwenye ngozi mbichi. Ipelekwe mbele, kwenye hatua ya chumvi na asidi, ambako ngozi iliyokwisha kutolewa manyoya, nyama na chokaa huandaliwa kupokea kromu au tanini ya gome la mwati, yaani dawa zinazoifanya ngozi isioze. Katika mwongozo huu ngozi ya namna hiyo nitaiita ngozi tupu.

## Kwa nini kazi hii haikwepeki

Ngozi inayohifadhiwa kwa chumvi hupewa chumvi yenye uzito sawa na asilimia 30 hadi 50 ya uzito wake. Sehemu huchuruzika na maji ya ngozi, sehemu huingia ndani, na sehemu hubaki juu kama punje. Bwawa la kusafishia maji taka hutuamisha nywele na mafuta, na vijidudu vyake hula damu na nyama, lakini chumvi iliyoyeyuka haituami wala hailiwi na kijidudu chochote. Huingia bwawani na kutoka ilivyo, ikateremka ardhini hadi kwenye visima na mashamba. Wakulima wa bonde la mto Palar, katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, walipoteza maji matamu ya visima kwa sababu ya maji taka ya viwanda vya ngozi, na shauri kuhusu uchafuzi huo lilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, iliyotoa hukumu mwaka 1996. Kichanja cha mbao kitakachoelezwa hapa chini kinatumika katika jimbo hilo hilo.

Kwa hiyo chumvi huzuiwa ikiwa bado kavu. Ikishayeyuka ndani ya maelfu ya lita za maji machafu, kuitoa huhitaji mitambo ambayo karakana ya kawaida ya Mwanza, Morogoro au Thika haiwezi kuigharimia.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi vyote kabla ya kugusa ngozi ya kwanza:

- Kichanja cha mbao chenye mgongo kama paa la chini, kimo cha kiunoni, na nafasi za vidole viwili kati ya ubao na ubao. Kiunganishe kwa vigingi vya mbao au misumari isiyoshika kutu, kwa kuwa kutu huiachia ngozi madoa ya buluu iliyoiva au meusi itakapokutana na tanini.
- Turubai zito, au sakafu ya zege iliyosawazishwa vizuri, chini ya kichanja.
- Machekeche mawili: moja lenye matundu ya kupitisha harage, jingine la kupitisha punje ya mchele.
- Mapipa matatu ya plastiki ya lita 200 yenye mifuniko. Moja liwe na bomba lililofungwa sentimita 15 juu ya kitako. Usitumie mapipa ya chuma.
- Mizani, na haidromita, chombo kinachoelea cha kupimia ukali wa maji ya chumvi, yenye digrii za Baumé kuanzia 0 hadi 30 pamoja na bilauri yake ndefu. Digrii zote katika mwongozo huu ni hizo.
- Karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), na ikiwezekana kichupa cha bromokresoli ya kijani, dawa inayobadilika rangi ikiguswa na asidi.
- Shabu, mchanga uliooshwa, kokoto ndogo, kitambaa cha pamba na siki kidogo.
- Glovu ndefu za mpira, buti, aproni, miwani ya kazi na barakoa za kuzuia vumbi.
- Daftari la kuandikia uzito na vipimo vya kila mkupuo.

Ukilazimika kuchagua cha kununua kwanza, nunua haidromita. Watu wengi hukisia ukali wa maji ya chumvi kwa ulimi, jambo ambalo ni hatari kwa afya na halitoi jibu lenye maana.

## Hatua ya 1: Kung'uta ngozi kabla haijaguswa na maji

Vaa barakoa na glovu kwanza. Ngozi mbichi inaweza kubeba mbegu za kimeta, na vumbi la chumvi kavu huzirusha hewani, chumvi haiziui. Fanya kazi mahali penye upepo wa kutosha, simama upande upepo unakotoka, na usile wala kunywa hapo.

Watu wawili waishike ngozi, mmoja upande wa shingo na mwingine upande wa mkia, waikunjue kabisa, kisha waibwage juu ya kichanja upande wa nyama ukiwa chini. Waiinue na kuibwaga tena mara tatu au nne, waigeuze, halafu wapitishe brashi ngumu kwenye mikunjo ya miguu, shingo na tumbo, ambako chumvi hujificha zaidi. Ngozi ya mbuzi au kondoo mtu mmoja anaimudu.

Mgongo wa kichanja una kazi yake. Ngozi inapotua juu yake hujipinda, upande wa nyama hujikunja na kufunguka, na punje zilizoganda huachia zenyewe. Ukiikung'uta hewani au kuipiga sakafuni, punje nyingi hubaki zimeshika na ngozi yenyewe hukwaruzika.

Kazi hii ifanyike siku ile ile ya kuloweka, na wakati wa masika ifanyike mchana jua likiwa limewaka. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Asubuhi yenye ukungu huwa imelainika na kunata kama tope, na utapata kidogo kuliko ambayo ungeipata saa nane mchana.

Dalili za kufanikiwa: ukipitisha kiganja kwenye upande wa nyama, hakuna punje zinazobingirika. Kwa uzito, tarajia chumvi kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa ngozi zilizokung'utwa. Mkupuo wa kilo 500 utakupa kati ya kilo 25 na 50. Ukipata chini ya hapo, ama ngozi zilitiwa chumvi kidogo tangu mwanzo, ama wafanyakazi wanaharakisha.

Ngozi sasa ziende kulowekwa kama kawaida. Bado zina chumvi ndani, na maji ya kwanza ya kulowekea yatakuwa makali. Yana mahali pake katika Hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Kuchambua chumvi na kuijaribu

Pitisha chumvi kwenye chekeche la matundu makubwa ili kuondoa vipande vya nyama, mafuta na mafundo ya nywele, kisha kwenye chekeche dogo. Mabonge magumu yavunje kwa nyundo ya mbao na kuyachekecha upya.

Halafu chukua kijiko kimoja cha chumvi, kiweke kwenye sahani na udondoshee siki. Ikichemka na kutoa povu, kuna magadi ndani yake. Baadhi ya wakusanyaji wa ngozi huchanganya magadi na chumvi ili kuzuia madoa, na magadi hayo yakifika kwenye hatua ya asidi hula asidi yako na kuvuruga vipimo vyote. Usiitupe chumvi hiyo. Itenge, na ukishaiyeyusha utie asidi iliyochanganywa na maji mengi, kidogo kidogo, hadi povu likome na pH ishuke chini ya 6.

Chumvi yenye harufu ya dawa ya nondo au yenye rangi usiyoifahamu iache kabisa. Mafuta ya dawa hizo huikalia ngozi tupu na kuizuia isipokee rangi.

Onyo hili wafikishie wafanyakazi wote na majirani: chumvi hii isirudi jikoni wala isipewe mifugo. Magunia yake yapakwe alama nyekundu na kufungiwa stoo, kwa maana kwa macho haitofautiani sana na chumvi ya mawe inayouzwa sokoni.

## Hatua ya 3: Kuyeyusha na kusafisha

Pima lita 100 za maji safi ndani ya pipa lenye bomba, kisha tia kilo 40 za chumvi iliyochekechwa, ukikoroga kwa mwiko wa mbao kwa muda wa nusu saa. Lita 100 za maji huyeyusha takriban kilo 36 za chumvi halisi. Kiasi kinachozidi hufidia uchafu na unyevu, na punje kidogo zikibaki chini bila kuyeyuka ni dalili kwamba maji yameshiba.

Maji yaliyoshiba chumvi ni mazito, kwa hiyo uchafu hujigawa pande mbili: mchanga na udongo huzama, lakini mafuta, nywele na vipande vyepesi vya nyama huelea. Ndiyo sababu ya bomba kufungwa sentimita 15 juu ya kitako. Maji masafi yako katikati, na ukichota kwa ndoo kutoka juu utachota uchafu wote ulioelea.

Rangi ya maji haya mwanzoni ni ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu ya damu. Njia mbili huiondoa.

Ya kwanza ni moto. Chemsha maji hayo kwenye chombo kisicho cha shaba wala alumini, uyaache yatokote kwa dakika 20 hadi 30. Damu huganda na kupanda juu kama povu zito la kahawia; liondoe kwa chujio. Maji hutoka safi kuliko kwa njia nyingine yoyote na vijidudu vingi hufa, ila kuni ni ghali na si haki kukata miti ili kuokoa kisima. Itumie ikiwa una moto unaopotea bure, kwa mfano wa tanuri la kukaushia.

Ya pili ni shabu. Yeyusha gramu 50 hadi 100 za shabu iliyosagwa kwa kila lita 100, zimimine ukikoroga taratibu, kisha uache pipa litulie kwa saa 24. Kiasi sahihi hutegemea uchafu wa chumvi, kwa hiyo jaribu kwanza katika chupa ya lita moja. Uchafu utajikusanya kuwa mabonge laini. Njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwa karakana nyingi, maana haihitaji kuni, na shabu inayobaki haina madhara kwa ngozi.

Ondoa utando wa juu, fungua bomba pole pole, na uyapitishe maji kwenye ndoo yenye kokoto chini, mchanga juu yake na kitambaa cha pamba juu kabisa. Chujio likianza kupitisha matone badala ya mkondo, badilisha kitambaa na uoshe tabaka la juu la mchanga.

Dalili za kufanikiwa: jaza chupa ya kioo maji hayo, iweke mbele ya ukurasa wa gazeti, na usome. Maandishi yakisomeka, hata kama maji yana umanjano kidogo, yanafaa. Haidromita isome kati ya digrii 20 na 25. Harufu ya ngozi mbichi inaweza kubaki kwa mbali, lakini harufu ya kuoza ikiwapo, rudia kusafisha. Yatumie ndani ya siku chache.

## Hatua ya 4: Kuyatumia kwenye hatua ya chumvi na asidi

Hapa ndipo palipo na thamani yote ya kazi, na ndipo mahesabu hukosewa zaidi. Chumvi katika hatua hii ina kazi moja: kuizuia ngozi isivimbe asidi inapoingia. Ikipungua, ngozi hujaa maji, hung'aa kama kioo, na nyuzi zake hulegea kwa namna isiyorekebishika.

Chukua mfano wa kilo 100 za ngozi tupu zinazotakiwa kuwekwa katika lita 80 za maji na kilo 8 za chumvi. Haidromita itakuambia kila lita ya maji yako ya chumvi imebeba kiasi gani: kwenye digrii 24 ni takriban gramu 310, kwenye 20 ni gramu 250, kwenye 15 ni gramu 175, na kwenye 10 ni gramu 110.

Tuseme maji yako yanasoma digrii 20. Kilo 8 zinapatikana katika lita 32. Kwa kuwa lita hizo 32 nazo ni maji, ongeza maji ya kawaida lita 48 tu ili jumla iwe 80. Kosa la kila siku ni kuweka lita 80 za maji kwanza, halafu kumimina lita 32 juu yake. Maji yanakuwa 112, chumvi inakuwa hafifu, ngozi inavimba, na lawama inaangukia chumvi ya zamani ambayo haikuwa na kosa.

Zungusha pipa kubwa la kuchakatia ngozi kwa dakika 10 hadi 20 bila asidi, kisha pima. Haidromita isisome chini ya digrii 6. Ikisoma chini, ongeza maji ya chumvi makali au chumvi mpya, iwe ya Uvinza, ya Bagamoyo au ya Malindi, na upime tena. Asidi isitiwe hadi kipimo kifike.

Kwa ngozi zinazokwenda kwenye kromu, tia kwanza asidi ya fomiki kilo 0.5, kisha asidi ya salfuriki kilo 1 hadi 1.2, kila moja ikiwa imechanganywa na maji mara kumi ya uzito wake na kupoa. Daima asidi imiminwe ndani ya maji. Maji yakimiminwa ndani ya asidi hulipuka usoni. Igawe salfuriki katika sehemu tatu, ukiacha dakika 15 kati ya sehemu na sehemu, halafu zungusha kwa saa mbili hadi tatu. Kwa tanini ya mwati asidi ipunguzwe sana, kwa kuwa pH inayotakiwa huko ni 4 hadi 4.5.

Kuna onyo moja linalohusu uhai. Asidi isikutane kamwe na maji ya kutolea manyoya, yaani ya chokaa yenye sodiamu salfaidi, wala kwenye pipa, wala mtaroni, wala kwenye shimo la maji taka. Vikichanganyika hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo huua watu wakiwa wamesimama. Harufu yake ni ya yai bovu, lakini ikiwa kali huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani hatari imepita. Mtaro wa chokaa na mtaro wa asidi iwe miwili tofauti.

Dalili za kufanikiwa: maji yasome pH 2.8 hadi 3.0. Kata kipande kidogo cha ngozi sehemu nene ya shingo na udondoshee bromokresoli ya kijani: mkato mzima uwe wa manjano. Mstari wa buluu au kijani katikati maana yake asidi haijafika ndani. Ngozi yenyewe iwe laini, nyeupe na bapa, na ukiibonyeza kwa kidole gumba alama ibaki.

## Hatua ya 5: Kuyazungusha tena maji ya asidi

Ngozi zikitoka, maji yanayobaki bado yana chumvi nyingi na asidi kiasi. Yachuje kwa kitambaa, yatie kwenye pipa la pili la plastiki, uyaache yatulie usiku mzima, na asubuhi uondoe mafuta yaliyoelea. Pima digrii na pH. Fidia upungufu wa chumvi kwa maji ya Hatua ya 3, na upungufu wa asidi baada ya ngozi kuingia na kipimo cha digrii 6 kuthibitishwa. Pipa liandikwe tarehe na idadi ya mizunguko.

Haidromita ina udhaifu hapa unaopaswa kuujua. Hupima kila kilichoyeyuka, si chumvi peke yake. Kila mzunguko huleta mabaki ya dawa za kuondolea chokaa, na baada ya mizunguko kadhaa chombo kinaweza kusoma digrii 7 wakati chumvi yenyewe haitoshi. Kwa hiyo toa robo ya maji ya zamani kila mzunguko, weka ya chumvi safi mahali pake, na kabla ya kila mkupuo fanya jaribio hili: chovya kipande cha ngozi tupu chenye ukubwa wa kiganja katika bilauri ya maji hayo yakiwa yamefikishwa pH 3, ukikague baada ya saa moja. Kikibaki bapa, endelea. Kikinenepa na kuteleza kama mpira uliolowa, maji hayo yamefika mwisho wake, hata kama haidromita inasema vinginevyo.

Povu lisilotulia, harufu ya kuoza au ukungu juu ya maji ni sababu za kuyaacha papo hapo. Wanaotia kromu ndani ya maji yale yale ya asidi hawahitaji hatua hii, kwa kuwa hawabakiwi na maji ya asidi peke yake. Maji yao ya kromu yana utaratibu mwingine na yasichanganywe na haya.

## Hatua ya 6: Mabaki

Maji ya kwanza ya kulowekea na robo inayotolewa katika Hatua ya 5 yasiende kwenye bwawa la maji taka. Yapeleke kwenye vitalu vya kukaushia: mabirika mapana ya zege, au mashimo yaliyotandikwa plastiki nzito isiyovuja, yenye kina cha maji kisichozidi sentimita 15. Ya asidi yasawazishwe kwanza kwa chokaa safi ya unga hadi pH 7. Chokaa iliyotoka kwenye pipa la kutolea manyoya haifai kabisa hapa, kwa sababu ya gesi iliyoelezwa hapo juu.

Jua la Dodoma au Athi River hukausha vitalu hivi vizuri miezi ya kiangazi. Mwanza na Moshi wakati wa masika hali ni tofauti: mvua hujaza kitalu kuliko jua linavyokausha, na kitalu kikifurika kazi yote inaishia kwenye shamba la jirani. Weka paa la plastiki angavu lenye mteremko, liache pande zote wazi kupitisha upepo, na uinue kingo za kitalu sentimita 30 juu ya ardhi. Ikiwa nafasi ni ndogo, panga mikupuo mikubwa ya ngozi za chumvi iangukie kiangazi, na miezi ya mvua upokee zaidi ngozi za siku hiyo hiyo kutoka machinjio ya karibu, zinazoingia kwenye maji ndani ya saa chache bila kutiwa chumvi.

Gamba linalobaki kitaluni, pamoja na tope la mapipa na mchanga mchafu wa chujio, lipakiwe kwenye magunia ya plastiki na kuwekwa chini ya paa, juu ya mbao, hadi lichukuliwe na mwenye kibali cha taka za viwandani. Lisifukiwe uani. Mvua ya kwanza italiyeyusha na kulishusha kisimani.

Mwisho wa kila mwezi chota maji ya kisima kilicho karibu zaidi na mtaro wako, uyapeleke yakapimwe kiasi cha chumvi, na uandike jibu kwenye daftari lile lile lenye uzito wa chumvi uliyonunua na uliyoikung'uta.